Kodi, Ongezeko na Msamaha: Istilahi za Ufufuaji wa Mitaa ya Biashara

Istilahi za kodi hazilingani na istilahi za sayansi za maumbile. Mwalimu wa fizikia akiiita chembe fulani kwa jina lisilofaa, chembe yenyewe haibadiliki, na wanafunzi wake watasahihishwa mwaka ujao. Jina la kodi likikosewa, mtu mmoja hulipa asichodhani kuwa analipa, na mwingine hupokea asichoonekana kupokea. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyachambua hapa maneno machache yahusuyo jambo ambalo wafasiri wetu hukutana nalo mara kwa mara katika habari za nchi za nje, na ambalo bado kila mmoja hulitaja apendavyo: hatua ya serikali za mitaa kuzitumia kodi ili kufufua eneo la biashara lililodorora.

Maneno hayaeleweki pasipo kitu chenyewe, kwa hiyo tutachukua mfano mmoja na kukaa nao. Mfano huo ni State Street, barabara ya maduka iliyo katikati ya jiji la Chicago, Marekani. Kwa vizazi kadhaa watu wa jiji hilo walikwenda State Street kununua nguo za sikukuu na vyombo vya nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wateja walihamia vitongojini, na maduka yakawafuata. Waliobaki mjini nao wakaanza kuvutwa na Michigan Avenue, ng'ambo ya mto, ambako jengo kubwa la maduka liitwalo Water Tower Place lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1979 jiji lilijaribu dawa yake ya kwanza: lilizuia magari ya watu binafsi kupita State Street, likaacha mabasi tu, na kuzipanua njia za waendao kwa miguu. Dawa haikuponya. Duka la Goldblatt's lilifungwa mwaka 1981, la Sears mwaka 1983, na mwaka 1996 magari yakarudishwa barabarani. Katikati ya hayo, mwaka 1984, jiji lilikwisha kuanza kutumia dawa ya pili, na hiyo ndiyo iliyotuletea shida ya istilahi.

Dawa hiyo ya pili ilitokana na sheria iliyopitishwa katika jimbo la Illinois mwaka 1977, kwa kuufuata mtindo ulioanzia California mwaka 1952. Utaratibu wake ni huu. Halmashauri ya jiji huchora mpaka kulizunguka eneo fulani. Thamani ya majengo na viwanja vyote vilivyomo ndani ya mpaka, kama ilivyokadiriwa wakati huo, huandikwa na kuwekwa kama alama ya maji ukutani. Tuseme thamani hiyo ni shilingi milioni 100, na kodi ni asilimia moja. Kodi ya mwaka ni shilingi milioni moja, nazo hugawanywa baina ya shule, bustani, maktaba na jiji lenyewe. Kwa miaka 23 ifuatayo, wote hao huendelea kugawana kodi itokanayo na zile milioni 100 peke yake. Thamani ikipanda hata kufika milioni 250, kodi ya zile milioni 150 zilizozidi, yaani shilingi milioni moja na nusu, haiendi shuleni wala maktabani. Huingia katika mfuko wa pekee unaoshikwa na jiji, na mfuko huo hutumika kwa ajili ya eneo lile lile: kununua na kubomoa majengo, kutengeneza barabara na mabomba, kulipa deni la hatifungani, na kuwabebea wajenzi sehemu ya gharama zao.

Msomaji ataona mara moja kwamba hapa hakuna aliyesamehewa kodi. Mwenye jengo hulipa kodi yake kamili, na risiti yake haimwonyeshi tofauti yoyote. Kilichobadilika ni njia ifuatwayo na fedha baada ya kulipwa. Kuuita utaratibu huu "msamaha wa kodi", kama tulivyopata kusoma, ni kumsingizia mlipaji na kumficha mpokeaji.

Jina jingine tulilokutana nalo ni "fedha za nyongeza ya kodi". Hili lina kosa la kuvutia zaidi, maana laelekea kuwa sawa. Nyongeza na ongezeko ni ndugu wa shina moja, lakini kazi zao ni mbali. Nyongeza ni kitu ambacho mtu amekiongeza juu ya kingine: nyongeza ya mshahara, nyongeza ya mchuzi. Akisoma kwamba halmashauri inajenga mtaa kwa "nyongeza ya kodi", mlipaji atafahamu kuwa kodi imepandishwa, naye ana haki ya kukasirika. Ongezeko latokana na kitenzi ongezeka, chenye ile -k- ya kutendeka, ambayo humwacha mtendaji nje ya sentensi. Ongezeko la watu, ongezeko la joto: jambo limekua, nasi hatusemi nani amelikuza. Kwa kuwa sheria yenyewe yahesabu tofauti baina ya thamani ya mwanzo na ya sasa bila kuuliza chanzo chake, ongezeko ndilo neno lake. Kwa hiyo twapendekeza "utengaji wa ongezeko la kodi" kwa utaratibu mzima, "thamani ya kuanzia" kwa ile alama ya ukutani, na "eneo la utengaji" kwa eneo lililowekewa mpaka. Tulifikiria pia "eneo tengefu", ambalo ni fupi na lina sauti nzuri, lakini Watanzania wameshalizoea katika jina la pori tengefu, nasi hatukutaka kumletea msomaji swala katikati ya Chicago.

Twaomba msomaji auchunguze ukimya huo wa ongezeko, kwa kuwa ndani yake mna ugomvi wote. Rudi kwenye mfano wetu. Thamani ilipanda kutoka milioni 100 hadi 250. Je, yote hayo yaliletwa na mradi? Katika miaka 23 bei za viwanja hupanda hata pasipo mradi wowote, kwa sababu shilingi hushuka na mji hukua. Tuseme zingefika milioni 160 zenyewe. Basi kodi ya milioni 60 kati ya zile 150 ilikuwa ya shule na maktaba tangu mwanzo, nayo imetengwa pamoja na nyingine. Huko Chicago, ambako shule hupokea zaidi ya nusu ya kodi ya majengo, hesabu hii si ya ubaoni.

Kuna jambo jingine ambalo hata Wachicago wengi hulisahau. Katika Illinois, chombo kama bodi ya shule hutaja kiasi cha fedha kinachotaka, kisha kiasi hicho hugawanywa kwa jumla ya thamani inayotozwa ili kupata kiwango cha kodi. Thamani iliyotengwa haimo katika jumla hiyo. Kigawanyo kikipungua, kiwango hupanda, na hupanda kwa kila mlipaji wa jiji zima. Kwa kadiri bodi inavyoruhusiwa na sheria kudai kiasi kile kile, anayelipia pengo ni mwenye kijumba upande wa kusini wa jiji, ambaye pengine hajawahi kuingia katika ukumbi mmoja wa State Street uliotengenezwa upya. Anatoa bila kuombwa. Istilahi isiyomwonyesha kabisa mtu huyu haijakamilisha kazi yake, nasi twakiri kwamba hata "utengaji" wamwonyesha nusu tu.

Sasa twende kwenye neno lenyewe la kodi. Katika Kiswahili neno hili lina watoto wawili. Kuna kodi itozwayo na serikali, na kuna kodi ampayo mpangaji mwenye nyumba. Maongezi ya kila siku hayapati taabu, kwa sababu mazingira hutufahamisha. Katika habari za mtaa wa maduka, taabu ni kubwa, kwani watu wote wawili wamo katika habari moja: mwenye jengo alipaye serikali, na muuza viatu alipaye mwenye jengo. Mfasiri akiandika kwamba "jiji limetoa punguzo la kodi kwa maduka ya mtaa huo", muuza viatu wetu atashangilia. Kumbe aliyepunguziwa ni mwenye jengo, na mara nyingi mtaa ukifufuka, kodi ya muuza viatu hupanda. Habari njema na habari mbaya zimevaa kanzu moja. Kwa hiyo twasisitiza kuwa katika habari za namna hii neno kodi lisisimame peke yake kamwe: iandikwe kodi ya majengo, au kodi ya pango. Wasemaji wa Kenya, ambao katiba yao ya mwaka 2010 iliwapa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika, wana haja ya tofauti hii kama sisi.

Neno la tatu ni lile linaloufungua mlango wa utaratibu wote. Halmashauri haiwezi kuchora mpaka popote ipendapo; sheria yaitaka kwanza ithibitishe kuwa eneo limeharibika. Neno la Kiingereza lililochaguliwa na watunga sheria lilitoka shambani: ni jina la ugonjwa wa mimea, ule unaolinyausha jani la kiazi kwa siku chache. Tusilitafsiri kwa ugonjwa. Mtaa uliopewa jina la ugonjwa hutafutiwa dawa ya mgonjwa, na dawa ya mmea ulioambukizwa ni kung'olewa. Historia ya kubomoa mitaa ya watu maskini katika miji ya Marekani miaka ya 1950 na 1960 yaonyesha jinsi jina hilo lilivyofanya kazi.

Kiswahili chatupa maneno mawili mazuri, nayo yasichanganywe. Biashara hudorora, jengo huchakaa. Duka laweza kuwa jipya na biashara imedorora. Na soko la zamani lililochakaa laweza kujaa watu hata pakakosekana pa kuweka mguu. Nani asiyelijua soko la namna hiyo? Sheria ya Illinois huuliza zaidi habari za kuchakaa kuliko za kudorora. Ina orodha ya dalili, na tangu iliporekebishwa mwaka 1999 dalili za eneo lenye majengo ni 13: ubovu wa majengo, kupitwa na wakati, vyumba vitupu kupita kiasi, mabomba yasiyotosha, kukosekana kwa mipango ya pamoja, thamani inayobaki nyuma, na kadhalika. Zikipatikana tano, eneo ni chakavu. Pia kuna daraja la chini yake: iwapo nusu ya majengo au zaidi yana umri wa miaka 35, zikapatikana dalili tatu tu, eneo huhesabiwa kuwa linaelekea kuchakaa, na hilo latosha. Miaka 35 si umri mkubwa kwa jengo la mawe. Kwa kipimo hicho, mwaka 2006 Chicago ilichora eneo la utengaji kando ya LaSalle Street, mtaa wa mabenki, ambao hata mpinzani wa serikali asingeuita maskini. Basi, katika tafsiri ya sheria, tuandike "eneo chakavu" na "eneo linaloelekea kuchakaa"; "eneo lililodorora" tuliachie mazungumzo ya kawaida. Msomaji akiona neno chakavu limebandikwa kwenye mtaa wa mabenki atashtuka, na ni vizuri ashtuke.

Sharti la pili la sheria hiyo latuingiza katika sarufi. Halmashauri hutakiwa kutamka kwamba eneo, pasipo msaada huu, lisingetarajiwa kuendelezwa na watu binafsi. Katika Kiingereza sharti hili limepewa jina la maneno mawili madogo ambayo hayana thamani yoyote yakifasiriwa moja moja. Lakini Kiswahili kina silaha iliyo tayari ndani ya kitenzi: -singe- na -singali-. Walimu wa zamani walitufundisha kwamba -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado laweza kuwa, na -ngali- kwa jambo lililokwisha kupita bila kuwa. Wengi siku hizi huzichanganya, na katika maongezi hakuna hasara. Hapa ipo. Siku ya kuchora mpaka, diwani husema: "Bila msaada jengo hili lisingejengwa." Hiyo ni kauli ya mbele, nayo ni rahisi kuitoa. Baada ya miaka 23 mkaguzi huuliza: "Bila msaada jengo hili lisingalijengwa?" Hiyo ni kauli ya nyuma, na hakuna awezaye kuijibu kwa hakika, maana Chicago isiyopata msaada haipo tuiendee tukaipime. Twapendekeza "sharti la lisingejengwa", na twajua kuwa baadhi ya wenzetu watacheka kuona kitenzi kizima kimegeuzwa jina. Wacheke, mradi wasibadilishe -singe- kuwa -singali-.

Kitalu kimoja cha State Street, kiitwacho Block 37, chaonyesha ugumu huo. Majengo yake yalibomolewa mwaka 1989 ili kupisha mradi mkubwa, isipokuwa kituo kimoja cha umeme. Miongoni mwa yaliyobomolewa lilikuwamo jengo la McCarthy la mwaka 1872, lililojengwa mara tu baada ya moto mkubwa ulioteketeza jiji mwaka 1871. Mradi haukuja. Kwa zaidi ya miaka 15 kiwanja kilikaa kitupu mbele ya maduka yaliyosalia. Kipindi cha baridi jiji lilikifanya uwanja wa kuteleza juu ya barafu, na kiangazi wanafunzi walifanyia hapo kazi za sanaa ndani ya mahema. Jengo la maduka lilifunguliwa hatimaye mwaka 2009, ilhali muda wa eneo la utengaji lililoanzishwa mwaka 1984 ulikwisha mwaka 2008. Papo hapo, hatua chache kutoka kwenye kiwanja hicho, kumbi za michezo ya kuigiza zilipata uhai: Oriental ilifunguliwa upya mwaka 1998, na Goodman ikahamia mtaani mwaka 2000. Jengo la zamani la Goldblatt's nalo, kusini zaidi, lilianza kutumiwa na Chuo Kikuu cha DePaul mwaka 1993. Asemaye kwamba mtaa umefufuka ana ushahidi wake, na asemaye kuwa ungalifufuka wenyewe, tena mapema zaidi kama majengo yasingalibomolewa, ana wake.

Tumebakiza lile jina la jumla. Wengine husema motisha ya kodi, wengine vivutio vya kodi, wengine vichocheo. Motisha yatufikirisha mfanyakazi na bahasha yake ya mwisho wa mwaka; kichocheo ni cha mwanakemia. Vivutio vimekwisha kukita mizizi katika lugha ya uwekezaji, nasi hatuoni faida ya kuving'oa, ingawa kivutio hutupeleka pia kwa watalii na tembo. Lakini vivutio liwe jina la fungu, si la kitu kimoja kimoja. Ndani ya fungu, msamaha ni pale ambapo kodi haidaiwi kabisa. Punguzo ni pale inapodaiwa pungufu kwa muda. Mwaka 1976 jiji la New York lilikubali kupunguza kodi ya hoteli ya Commodore, karibu na kituo cha reli cha Grand Central, kwa miaka 40, wakati jiji lenyewe likikaribia kufilisika na mtaa wa 42 ukiwa katika hali mbaya. Hilo ni punguzo, maana aliyenufaika alilipa pungufu. La Chicago ni utengaji, maana kila mtu alilipa kamili. Mfasiri atakayeyaita yote mawili kwa jina moja atakuwa ameunganisha mambo yaliyofanana kwa nia tu.

Je, utengaji waweza kuja kwetu? Swali hilo ni la wachumi, lakini istilahi yenyewe yatoa jibu la nusu. Pasipo thamani inayokadiriwa na kupanda, hakuna ongezeko la kutengwa. Tanzania ilipoanza mwaka 2021 kukata kodi ya majengo kupitia mita za umeme, iliikata kwa kiwango maalumu kisichofuata thamani: nyumba ya kawaida hulipa sawa na jirani yake hata kama mmoja amejengewa barabara ya lami mlangoni. Kwa utaratibu wa namna hiyo, mtaa ungeweza kufufuka wote, na mfuko wa pekee ukabaki mtupu.

California, iliyoanzisha mtindo huu, ilizivunja taasisi zake za uendelezaji upya mwaka 2012, serikali ya jimbo ilipochoka kuziba pengo la fedha za shule. Chicago haikuvunja, bali imejenga desturi ya kutoa fedha zisizotumika katika mifuko ya utengaji na kuzigawa kwa wale waliokuwa na haki nazo tangu mwanzo, shule zikiwa za kwanza. Fedha hizo zahitaji jina. Wahasibu watasema bakaa, na magazeti yatasema ziada. Ziada ni kitu kilichozidi mahitaji ya mwenyewe, kama chakula kilichobaki sahanini baada ya wageni kushiba. Akipewa jirani, hushukuru. Bodi ya shule haioni kuwa inapewa chakula cha jirani. Sisi twaelekea kwenye neno marejesho, nasi twawakaribisha wahasibu watuonyeshe kasoro yake.